Wafo za Chokoleti za Ata na Ulezi: Mwongozo Kamili wa Kifungua Kinywa cha Siku Maalumu

Wafo (kwa Kiingereza waffle) ni kama keki bapa yenye vishimo, inayoiva ikiwa imebanwa kati ya mabamba mawili ya chuma ya moto. Ya kawaida hujisema yenyewe ikiiva: unafunua, unaona rangi ya dhahabu, unatoa. Wafo ya chokoleti haina lugha hiyo. Ni ya kahawia tangu ikiwa rojo bakulini, na itabaki ya kahawia ikiwa mbichi, ikiwa imeiva, na hata ikiwa imeanza kuungua. Ndiyo maana wapishi wengi wazuri wa chapati na maandazi hukwama hapa: wanaitoa mapema ikiwa laini kama keki iliyolowa, au wanaichelewesha mpaka kakao inakuwa chungu. Wa kufuatwa ni mvuke, na huu mwongozo utarudi kwenye mvuke mara kadhaa.

Jambo la pili ni siha. Wafo nyingi za chokoleti ni keki iliyobanwa kwenye chuma: unga mweupe, sukari kikombe kizima, na sosi juu yake. Hapa unga karibu wote ni wa nafaka nzima, na sukari ni gramu 40 kwa watu wanne, yaani kama vijiko vidogo viwili na nusu kwa kila mmoja. Bado ni chakula cha sikukuu. Kinafaa asubuhi ya Idd, ya Krismasi, ya siku ya kuzaliwa, au Jumapili ambayo nyumba nzima ipo.

Mahitaji

Kiasi hiki kinatoa wafo 8 hivi za duara, kila moja ya upana wa sentimita 16. Kijiko kikubwa ni cha mililita 15, kidogo ni cha mililita 5. Kama una mizani, tumia mizani. Vikombe vya chai vya nyumbani havilingani.

Vya kulowekwa usiku:
- Unga wa ata, yaani wa ngano nzima isiyokobolewa, gramu 150 (kikombe 1 na robo cha mililita 250)
- Unga wa ulezi, gramu 40 (vijiko vikubwa 5)
- Mtindi mzito usio na sukari wala ladha, mililita 300

Vya asubuhi:
- Mafuta ya alizeti, mililita 70, au samli iliyoyeyushwa kiasi hichohicho
- Unga wa kakao, gramu 35 (vijiko vikubwa 5 vya kusawazisha)
- Sukari, gramu 40 (vijiko vikubwa 3)
- Mayai 2 ya kisasa, au 3 ya kienyeji kama ni madogo
- Maziwa, mililita 80, yasitiwe yote kwa mkupuo
- Vanila, kijiko kidogo 1
- Konfulawa, yaani wanga mweupe wa mahindi, gramu 20 (vijiko vikubwa 2 na nusu)
- Beking pauda, vijiko vidogo 2
- Bikaboneti ya soda (baking soda), robo ya kijiko kidogo
- Chumvi, nusu kijiko kidogo

Kununua bila kukosea

Kosa kubwa hufanyika dukani, mbele ya rafu ya kakao. Kuna kopo la kakao na kuna kopo la unga wa kinywaji cha chokoleti, na mara nyingi yamepangwa bega kwa bega. La pili kwa kawaida limejaa sukari. Ukilitumia hapa utapata wafo tamu isiyo na ladha ya chokoleti, na inayong'ang'ania chuma. Geuza kopo, soma viungo. Kakao halisi inaandika kakao tu, au kakao na kidhibiti cha asidi.

Hicho kidhibiti kinaeleza aina. Kakao ya asili ina rangi ya kahawia iliyopauka na uchachu kidogo. Iliyotibiwa kwa alkali, njia iliyotokana na familia ya van Houten huko Uholanzi katika karne ya 19, ni nyeusi zaidi na ladha yake ni laini. Kwa mapishi mengi tofauti hii inaleta matatizo, kwa sababu bikaboneti inahitaji kitu chenye asidi ili itoe gesi. Hapa asidi inatoka kwenye mtindi, kwa hiyo aina yoyote itafanya kazi. Ukiweza kupata kakao ya Kyela, itafute. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inalimwa huko, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na ile iliyovundikwa na kukaushwa vizuri ina harufu inayokaribia matunda, ambayo inakaa vizuri sana na ulezi.

Ulezi si pambo. Rangi yake na ladha yake ya udongo mtamu vinaipa kakao mwili, na kwa kuwa hauna gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, unafanya ganda la wafo kuwa karakara badala ya kuvutika. Lakini usizidishe robo ya unga wote, la sivyo wafo itavunjika ukiitoa. Ulezi una adui mmoja, mchanga. Ukinunua punje Kariakoo au soko jingine, zipepete, zioshe kwa maji ya kubadilisha mpaka chini ya beseni pasisikike chembe, zianike, ndipo upeleke mashineni. Usitumie unga wa lishe kama mbadala. Mara nyingi umechanganywa na soya, karanga na mahindi, na kila mfuko unanyonya maji kivyake.

Ata nayo ina jambo lake, hasa kwa joto la Dar es Salaam. Kiini cha ngano kina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Nusa unga kabla ya kupima: ukisikia harufu kama ya karanga za zamani, au ladha chungu ukiweka chembe ulimini, huo haufai. Ata iliyofunguliwa ikae kwenye chombo kinachofunga, ndani ya friji.

Beking pauda huuawa na unyevunyevu wa pwani. Weka nusu kijiko kidogo kwenye maji ya moto robo kikombe. Ikifoka mara moja, ni nzima. Ikitoa vipovu vichache vya uvivu, nunua nyingine, kwa sababu wafo za ata zisipopata gesi ya kutosha ni nzito kama tofali. Na bikaboneti isichanganywe na magadi yale ya kulainishia maharage na makande. Hayo ni makali zaidi, yana chumvi nyingine ndani yake, na ladha yake utaikuta mpaka tonge la mwisho.

Usiku: loweka unga

Changanya ata, ulezi na mtindi kwenye bakuli la kutosha, koroga kwa mwiko mpaka pasibaki unga mkavu, funika, weka kwenye friji. Basi. Muda wa saa 8 hadi 12 unatosha.

Kazi inayofanyika humo usiku ndiyo inayotenganisha wafo ya nafaka nzima inayopendeza na ile inayoliwa kwa kuvumilia. Pumba za ata na chembe za ulezi hunywa maji polepole. Ukizipika zikiwa kavu, zinakwaruza ulimi, na kibaya zaidi zinaendelea kunyonya maji ndani ya wafo hata baada ya kuiva, ndiyo maana inakuwa kavu kama mbao ikipoa. Zikilowa usiku kucha, zinalainika. Uchachu wa mtindi nao unaondoa ule uchungu wa pumba.

Usiache bakuli mezani usiku kucha kwa joto letu. Ukisahau kuloweka, loweka asubuhi na uache dakika 30 angalau. Mtindi ukikosekana, chukua maziwa mililita 285, tia kijiko kikubwa 1 cha maji ya ndimu, subiri dakika 10 yagande kidogo. Hayo ni mepesi kuliko mtindi, kwa hiyo huenda usihitaji maziwa mengine kabisa.

Asubuhi: rojo

Toa bakuli kwenye friji nusu saa kabla. Rojo baridi kwenye chuma cha moto hupoza bamba na kuongeza dakika za kupika. Kama unatumia mafuta ya nazi badala ya alizeti, hili ni la lazima: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na yakikutana na mtindi wa friji yatakuwa vijidonge vyeupe visivyochanganyika.

Pasha mafuta kwenye sufuria ndogo mpaka yawe ya moto bila kutoa moshi. Epua, mimina kakao na sukari, koroga. Utaona unga mkavu ukigeuka kuwa ujiuji mweusi unaong'aa, na harufu ya chokoleti ikijaa jiko ghafla. Hatua hii usiiruke. Harufu nyingi ya kakao huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Ukiitia kavu kwenye rojo, nusu ya ladha uliyolipia inabaki imejifungia, na madonge juu. Acha ujiuji upoe mpaka uweze kuweka kidole bila kukitoa haraka.

Tenga viini na ute. Viini, vanila na maziwa mililita 50 viingie kwenye ujiuji wa kakao, koroga, kisha umimine vyote kwenye unga uliolowekwa. Hapo tumia mchapo wa waya mpaka rangi iwe moja. Chunga ute usipate hata tone la kiini, wala bakuli lake lisiwe na mafuta, maana hautaumuka.

Piga ute mpaka utoe povu jeupe linalosimama na ncha yake kulala kidogo. Kwa mkono ni dakika 4 au 5. Usipige mpaka ukauke na kukatikakatika kama pamba. Wa namna hiyo hauchanganyiki, unaacha mabonge meupe yanayoonekana wazi kwenye wafo nyeusi.

Sasa chekecha konfulawa, beking pauda, bikaboneti na chumvi juu ya rojo, changanya haraka. Rojo itaanza kujaa hewa mbele ya macho yako kwa sababu mtindi na bikaboneti vimekutana. Kuanzia hapo muda unahesabika. Ingiza ute kwa mwiko, ukichota kutoka chini na kufunika juu, mara 12 au 15 tu. Mistari michache myeupe ikibaki, iache.

Uzito unaotakiwa: chota kwa upawa, inamisha. Rojo idondoke kwa mafungu mazito yanayokaa juu kidogo kabla ya kuzama. Ikimiminika kama uji wa mgonjwa, umezidisha maziwa. Ongeza kijiko kikubwa 1 cha ata. Ikikataa kudondoka, tia maziwa yaliyobaki, kijiko kimoja kimoja. Mtindi wa kila duka una uzito wake, ndiyo sababu maziwa hayatiwi yote.

Kwenye chuma: fuata mvuke

Mashine ya wafo ya nyumbani kwa kawaida inakula wati 700 hadi 1,200. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba iliyokwisha kubeba friji na birika la umeme. Kwa wanaohesabu LUKU: mashine ya wati 1,000 ikifanya kazi nusu saa mfululizo ni nusu uniti, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha, ni chini ya hapo.

Taa ya mashine ikibadilika, maana yake bamba limepata joto. Haimaanishi wafo imeiva, na mashine nyingi huibadilisha mapema mno. Iache dakika 3 zaidi. Dondoshea matone mawili ya maji: yakirukaruka na kupotea ndani ya sekunde 2 au 3, anza. Paka mafuta kwa brashi, kila kona ya vishimo, juu na chini. Mafuta ya kupuliza ya kopo hujenga utando unaonata kwenye bamba, nao hauondoki kirahisi.

Mimina upawa mmoja katikati, gramu 100 hivi, funika taratibu bila kukandamiza. Rojo isifike ukingoni, itajisambaza yenyewe.

Sasa tazama pembeni mwa kifuniko. Mwanzoni mvuke utatoka kwa nguvu, mweupe, kama birika linalokaribia kuchemka. Maji mengi yakiwa bado yanatoka, ganda la wafo haliwezi kukauka, na ukifunua wakati huo itachanika vipande viwili, kimoja juu na kimoja chini. Usifunue. Baada ya dakika 4 hivi mvuke utapungua, utakuwa nyuzi mbili tatu zinazopotea hewani. Sauti ya kuchemka ndani nayo itatulia. Hesabu sekunde 30 tangu hapo, kisha inua kifuniko kwa upole. Kikiinuka bila kuvuta, imeiva. Kikivuta, kirudishe na usubiri nusu dakika nyingine. Jumla kwa kawaida ni dakika 5, lakini mashine zinatofautiana, nawe utajua yako kufikia wafo ya tatu.

Pua nayo ina kazi. Harufu ya keki ni nzuri. Ikigeuka kuwa kali, kama kahawa iliyokaangwa kupita kiasi, umechelewa.

Wafo ya kwanza ikinata kidogo, si ajabu; bamba bado halijanywa mafuta. Ya pili ikinata pia, tafuta sababu. Mara nyingi ni sukari iliyoongezwa, au vipande vya chokoleti vilivyotiwa kwenye rojo. Kipande cha chokoleti kikigusa chuma chenye nyuzi 180 na zaidi kinaungua na kuganda kama gundi. Ukitaka chokoleti yenyewe, kwaruza gramu 30 za ile nyeusi, nyunyiza juu ya wafo ikiwa bado ya moto. Itayeyuka kwenye vishimo, mahali pake hasa.

Wengine hupenda kutumia ndizi mbivu badala ya sukari. Inawezekana: ponda gramu 100 za ndizi iliyoiva mpaka ganda lina madoa meusi, ondoa sukari yote na maziwa yote. Ujue tu kwamba ndizi ina maji na sukari yake, hivyo ganda halitakuwa karakara, na utahitaji dakika nzima ya ziada. Kwa watoto wadogo wanaopenda wafo laini, hii ni bora.

Umeme ukikatika katikati, usifunue mashine. Joto lililobaki linaweza kuivisha iliyomo kama ilikuwa imepita dakika 3. Rojo iliyobaki pika kwenye kikaango cha chapati, moto mdogo, kama chapati za maji nene. Zitakuwa nzuri, ila hazitakuwa wafo.

Zisilowe kabla ya kufika mezani

Hapa ndipo kazi ya asubuhi nzima hupotea. Wafo iliyotoka chumani bado inatoa mvuke. Ukiiweka kwenye sahani, mvuke unagonga sahani na kurudi chini yake. Ukizipanga moja juu ya nyingine, zinalowana zenyewe. Ukizifunika kwenye hotipoti kama chapati, dakika 5 zinatosha kuzifanya mkate uliolowa. Unyevunyevu wa Dar unazidisha tatizo.

Ziweke kwenye waya wa kupozea, moja moja, zisigusane. Kama una oveni, iwe nyuzi 100, waya ndani, mlango wazi kidogo. Hapo zinakaa dakika 20 bila neno. Bila oveni, weka wavu juu ya kikaango kikavu chenye moto mdogo kabisa. Bila vyote viwili, mlishe kila mtu yake inapotoka, na mpishi ale ya mwisho.

Vya juu

Sosi ya tende inatosha kuondoa haja ya sharubati ya dukani. Toa kokwa tende gramu 100, loweka kwenye maji ya moto mililita 150 kwa dakika 15, saga kwenye blenda pamoja na maji yake, kakao vijiko vikubwa 2 na chumvi kidogo sana. Ikiwa nzito, ongeza maji. Inakaa kwenye friji siku 4.

Matunda yafuate msimu. Embe likipatikana, kuanzia Novemba mpaka Februari hivi, hakuna la kulishinda, vipande baridi juu ya wafo ya moto. Miezi mingine pasheni, kwa sababu uchachu wake unakata uzito wa kakao. Nanasi lichujwe maji kwanza. Papai peke yake hupooza, likamulie ndimu. Korosho zikaangwe kavu, zipondwe kwa mkono ili vipande vitofautiane. Kwa watoto wadogo zisagwe kabisa, na mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali.

Za akiba na usafi wa mashine

Wafo zilizobaki zipoe kabisa juu ya waya, zifungwe moja moja, ziende friza. Zinakaa mwezi mmoja. Ukizitaka, zipeleke kwenye tosta zikiwa na barafu yake, dakika 3 au 4. Usizitangulize kuyeyuka mezani, na usitumie maikrowevu, inazifanya ngumu zikipoa.

Chomoa mashine kwanza, iache ipate uvuguvugu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Kilichoganda kwenye pembe za vishimo kitolewe kwa kijiti cha mbao kilichofungwa kitambaa. Kisu na steli-wuli vinakwangua utando usionata, na ukishakwanguka hapo kila rojo utakayopika itashika mahali palepale. Isizamishwe majini. Ikauke ikiwa wazi, ndipo ufunge na kuirudisha kabatini.